Mrehani Wako Umekuwa Mlingoti: Mwongozo Kamili wa Kuufanya Kichaka

Picha ninazotumiwa kwenye simu zinafanana kana kwamba zimepigwa nyumba moja. Kopo liko dirishani, shina moja refu limeegemea nondo, majani manne kileleni, na chini yamebaki makovu matupu. Maneno nayo ni yaleyale: "Namwagilia kila siku, mbolea nimeweka, mbona haujazi?"

Nimekuwa nikijibu kipande kipande. Leo nayaweka yote mahali pamoja. Kosa kubwa ni moja: tunachuma mahali pasipo penyewe. Tunanyofoa majani makubwa ya chini kwa sababu ndiyo yaliyokomaa, na kilele tunakionea huruma kwa sababu ni kizuri. Mmea unataka kinyume chake. Kilele kiondoke, majani ya chini yabaki.

Nitatumia mrehani kama mfano mkuu, kwa kuwa ndio unaosumbua wengi na ndio unaojibu upesi. (Nasema rehani ya kula. Ile ya benki sina ushauri nayo.) Ukiumudu huu, mnanaa, thaimu na oregano hazitakupa shida. Rosemari na giligilani zina masharti yake, nimeziweka mwishoni.

## Mahitaji

- Mkasi mdogo wenye makali. Mkasi butu unabana shina badala ya kulikata, na jeraha lililobanwa linaoza. Kwa shina laini, kucha za kidole gumba na cha shahada zinatosha.
- Spiriti kidogo na kitambaa, kwa kufuta mkasi kabla ya kuhama mmea mmoja kwenda mwingine.
- Chombo cha lita 5 au zaidi kwa kila mmea. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu linafaa sana. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto.
- Udongo: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji, sehemu moja ya mchanga au pumba za mpunga. Ikiwa udongo wako wenyewe ni kichanga, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, mchanga usiongeze.
- Glasi ya maji. Utaona kazi yake mbele.
- Mahali penye jua. Hili haliuzwi dukani, na ndilo watu wanalolipuuza kuliko yote.

## Hatua ya 1: Upime kabla ya kuukata

Chukua mmea, angalia nafasi kati ya jozi moja ya majani na jozi inayofuata. Kipande hicho cha shina ni pingili.

Weka vidole vitatu pamoja, vilaze kando ya pingili. Ikiwa pingili inalingana na vidole au ni fupi, mwanga unatosha na tatizo lako ni ukataji tu. Ikivizidi, na shina ni jembamba limepinda upande mmoja, mmea una njaa ya mwanga. Unarefuka ili kulitafuta jua, kama mtu anayejinyoosha shingo kwenye umati.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mkasi hautibu giza. Ukiukata mmea ulio gizani utachipua, ndiyo, lakini utachipua matawi mawili membamba badala ya moja.

## Hatua ya 2: Uhamishie kwenye jua

Mrehani unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hivi kila siku. Mwanga mzuri wa sebuleni unaotosha kusomea gazeti hautoshi kwa mmea.

Watu wanaonieleza kwamba "dirisha lile lile, miezi michache iliyopita ulistawi, sasa umekonda" hawasemi uongo. Jua linahama. Kwa Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini. Miezi inayobaki linapita kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, mabadiliko hayo huja katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo dirisha linaloangalia kusini linaweza kuwa zuri Desemba na likawa pango Julai. Hamisha kopo, usilaumu mbegu.

Onyo: mmea uliozoea ndani usiutupe kwenye jua la saa saba mchana siku moja. Majani yataungua na kuwa na mabaka meupe makavu. Anza na jua la asubuhi pekee, siku tatu au nne, kisha uongeze.

Utajuaje umefaulu: majani mapya yanatoka mazito kidogo, yenye kijani kilichokolea, na pingili mpya ni fupi kuliko za zamani. Zile za zamani hazifupiki tena. Hizo tutazikata.

## Hatua ya 3: Uachanishe uliosongamana

Kama umenunua mrehani dukani kwenye kikopo kidogo, chungulia chini ya majani. Mara nyingi utakuta si mmea mmoja bali miche kumi au zaidi, imepandwa pamoja ili kopo lionekane limejaa siku ya kuuzwa. Inagombania maji, mwanga na nafasi ya mizizi, na ndiyo maana inakufa wiki ya pili ukidhani mkono wako ni mbaya.

Mwagilia mpaka udongo ulowe, toa donge zima, ligawe taratibu kwa vidole vipande vitatu au vinne. Kila kimoja kipe chombo chake. Mizizi michache itakatika, usijali. Weka kivulini siku mbili, kisha rudi hatua ya 2.

Usikate vilele siku hiyohiyo. Upe wiki moja ushike udongo kwanza.

## Hatua ya 4: Kijue kifundo

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tusiende mbio.

Shika shina la mrehani kati ya vidole viwili, ulizungushe. Utahisi pembe nne, halikuviringana. Mnanaa nao ni hivyohivyo, kwa sababu ni wa ukoo mmoja. Sasa fuata shina kwa jicho kutoka chini. Kila mahali majani mawili yanapotoka yakitazamana, hapo ni kifundo. Jozi inayofuata juu yake imekaa msalaba na ile ya chini.

Inamisha jani moja kidogo, uangalie kwapani mwake, pale kikonyo kinapogusa shina. Utaona vijani viwili vidogo vimekunjana, pengine vidogo kuliko punje ya mchele. Upande wa pili kuna vingine kama hivyo. Kila jozi ya vijani hivyo ni kichipukizi, yaani tawi zima linalosubiri ruhusa.

Linasubiri kwa sababu kilele kinalizuia. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo inashuka na shina na kuvituliza vichipukizi vya makwapani. Kilele ni nyapara: akiwepo, hakuna anayeinua kichwa. Akiondolewa, wawili walio karibu naye zaidi wanaamka kwa pamoja.

Na sasa unaelewa ubaya wa kuchuma majani ya chini. Kila jani unalonyofoa unaliacha kwapa bila mlezi, maana jani ndilo linalokilisha kichipukizi chake. Ukimaliza majani ya chini umebakiza nyapara na fimbo yake.

## Hatua ya 5: Mkato wa kwanza

Subiri mche uwe na jozi nne za majani na urefu wa sentimita 15 hivi. Yale majani mawili ya mwanzo kabisa yaliyotoka kwenye mbegu, yaliyo butu na yasiyofanana na mengine, usiyahesabu.

Asubuhi, kabla jua halijakali, hesabu kutoka chini: jozi ya kwanza, ya pili. Kata shina juu ya jozi ya pili, ukiacha kama nusu sentimita ya shina. Kama moyo wako mwepesi, kata juu ya ya tatu. Matokeo yatakuja, ila kichaka kitaanza juu zaidi na kitayumba kwa upepo.

Kwa nini nusu sentimita? Ukiacha kisiki kirefu, kinakauka kuwa cheusi na ukungu unaingia. Ukikata ukiwa umebana sana kifundo, mkasi unaviparua vile vichipukizi na umeharibu ulichokuwa unakitafuta.

Utahisi umeua. Mmea uliokuwa na urefu wa kiganja sasa ni kijiti chenye majani manne. Niliwahi kumkatia jirani yangu mrehani wake mbele yake, akanyamaza, akauchukua, akaondoka nao bila kuaga. Wiki ya tatu alirudi kuuliza kama anaweza kukata tena.

Utajuaje umefaulu: kwenye joto la Pwani, siku ya nne mpaka ya saba vile vijani vya kwapani vimefumbuka na vinaonekana bila kuinama. Wiki mbili baadaye una matawi mawili yanayopanda kama pembe za mbuzi. Arusha, Mbeya au Nairobi ongeza wiki, hasa miezi ya baridi.

Ulichokata usikitupe. Kiweke kwenye glasi ya maji, tutakirudia.

## Hatua ya 6: Maji na mbolea, bila kuzidisha

Maji ni rahisi: chomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Kukiwa na unyevu, ondoka. Mwagilia udongo, si majani, na iwe asubuhi. Majani yanayolala yameloa hualika ukungu, na mrehani una ugonjwa wake wa ubwiri unaoanza kama umanjano kati ya mishipa ya jani huku chini yake kukiwa na vumbi la kijivu. Ukiuona, kata tawi hilo ulitupe mbali, lisiende kwenye mboji.

Mbolea ndipo tunapopotea kwa tamaa. Mwaka mmoja niliipa mirehani yangu urea, mbolea iliyojaa naitrojeni, kijiko kizima cha chai kila kopo. Kwa wiki tatu nilikuwa bingwa wa mtaa: majani makubwa kama ya mchicha. Nikayatia kwenye kachumbari, hayakuwa na harufu. Yalikuwa na ladha ya majani tu, kama kutafuna nyasi. Shina nalo likawa laini, wadudu mafuta wakajaa kwenye ncha zote.

Naitrojeni nyingi inakupa maji na ukubwa, inakunyima harufu. Konzi moja ya mboji juu ya udongo kila mwezi inatosha. Kama una mbolea ya dukani ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 17-17-17, punje kumi hadi kumi na tano pembezoni mwa chombo cha lita 5, mbali na shina, kisha maji. Subiri mwezi kabla ya kurudia.

## Hatua ya 7: Rudia mpaka uchoke

Kila tawi jipya likifikisha jozi tatu, likate juu ya jozi yake ya kwanza. Mawili yanakuwa manne, manne nane. Mikato minne inakupa vilele kumi na sita au karibu yake, na kwa mwendo wa wiki mbili hadi tatu kila mkato, hiyo ni miezi miwili mpaka mitatu. Mmea haujui hesabu, matawi mengine yatalegea na mengine yatatangulia. Anza na yaliyotangulia.

Kuanzia hapa hakuna "kukata" na "kuchuma" kama mambo mawili. Ukihitaji rehani ya jikoni, unakata ncha. Hicho ndicho chakula chako, na hicho hicho ndicho kinachojaza kichaka.

Onyo: baada ya mkato wa kwanza, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mkupuo. Majani ndiyo jiko la mmea. Ukiwa na wageni ishirini, kata mimea mitatu kidogo kidogo, usimalize mmoja.

## Hatua ya 8: Wahi maua

Mrehani ukiamua kuchanua, tawi lile linaacha kutoa majani. Yanayokuja ni madogo na ladha inakuwa kali, na shina linaanza kuwa gumu kama mti.

Dalili huja kabla ya ua lenyewe: kileleni majani yanakuwa madogo ghafla na kupangana karibukaribu kama ghorofa. Ukiona hivyo, usikwanyue ua peke yake. Shuka mpaka jozi ya pili ya majani makubwa, kata hapo. Ukiondoa ua tu, vichipukizi vilivyo chini yake vimeshapata habari na vitachanua navyo baada ya siku chache.

Kama unataka mbegu, au unaupanda kwa ajili ya kikuba (kifungu kidogo cha majani na maua yenye harufu) na harufu ya mlangoni kama wafanyavyo watu wa Pwani, acha mmea mmoja uchanue. Nyuki watakushukuru. Mingine iwahi.

## Kama umeshakuwa mlingoti

Shina refu lililo uchi, gumu chini, majani juu tu: usilikate chini kabisa ukitegemea miujiza. Mrehani ukikatwa kwenye sehemu isiyo na jani hata moja, mara nyingi unakufa.

Tafuta kifundo cha chini kabisa chenye jani hai, kata juu yake. Kama hakuna, mwokoe mtoto badala ya mama. Kata ncha ya sentimita 10 hadi 12, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini, itie kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili mizizi myeupe itatoka kwenye vifundo vilivyozama. Ikifika sentimita 3, panda. Na ile uliyoweka kwenye glasi hatua ya 5? Hivyohivyo. Panda miwili kwenye ndoo moja ya lita 10, upate kichaka kabla ya matawi kuanza.

## Mnanaa

Huu hauhitaji ubembelezi. Kata ncha juu ya kifundo kama mrehani, na mashina yakiwa marefu na yenye majani ya juu tu, fyeka yote mpaka sentimita 3 au 4 kutoka kwenye udongo, uweke mboji, umwagilie. Unapenda unyevu na unavumilia kivuli cha nusu siku, tofauti na mrehani. Vitambaazi vinavyoning'inia nje ya kopo virudishe ndani uvigandamize kwenye udongo, kila kifundo kitaotesha mizizi. Ila usiupande chombo kimoja na kitu kingine chochote. Ni mpangaji anayehamia na ukoo mzima.

## Rosemari

Kata ncha za kijani tu, sentimita 3 hadi 5, na sehemu ile iliyokwisha kuwa mti isiyo na majani usiiguse. Haichipui kirahisi kutoka kwenye mti mkavu. Mimi nilijifunza kwa gharama: niliunyoa mmoja wa miaka miwili ukabaki vijiti, nikausubiri miezi mitatu, nikaishia kuuwashia mkaa. Udongo wake uache ukauke kati ya umwagiliaji. Rosemari nyingi za Pwani zinakufa kwa kuzidishiwa maji, si kwa kiu.

## Giligilani, dania, kotimiri

Iite utakavyo, hii usiikate kilele. Haina vifundo vya kuamsha hapo chini. Majani yake yote yanatoka kwenye kitovu kimoja kwenye udongo, na shina la katikati likipanda likiwa na majani membamba kama nyuzi, basi imekwisha kuamua kuchanua na hakuna mkasi utakaoirudisha.

Ujazo wake unatokana na mbegu nyingi, na kwa kuchuma majani ya nje ukiacha kitovu. Ile mbegu ya mviringo ni mbegu mbili ndani ya ganda moja. Ziviringishe taratibu kwa chupa zipasuke katikati, bila kuzisaga. Loweka usiku mmoja, kisha zimwage moja kwa moja kwenye chombo chake cha kudumu, kina cha sentimita 1 hivi, kwa sababu mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Zitachomoza baada ya wiki moja hadi tatu. Hata za duka la viungo huota, mradi hazijakaangwa.

Joto ndilo linaloikimbiza kwenye maua. Pwani itie wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Miezi mingine utapata majani kwa muda mfupi, kwa hiyo tia kopo jipya kila baada ya wiki tatu. Kopo la tatu likichomoza, la kwanza liko tayari kwa kachumbari.